Mashine Mbili Nje ya Mlango Wangu

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alizaliwa Masii, na mama yangu alizaliwa hapa Kalama. Majina yao unayajua, usiyaandike. Mimi sikupelekwa shule, kwa hiyo kalamu ni yako na maneno ni yangu. Usiyarembeshe.

Ulipokuwa shule ya bweni, mama yako alirudi kazini, akaniomba nimlee mdogo wako kule Syokimau, katika nyumba yao ya ghorofa. Nilikubali kwa sharti kwamba nitaondoka kabla ya mvua. Sisi hupanda kwenye vumbi, mvua izikute mbegu ardhini. Anayengoja udongo ulowe amekwisha kuchelewa.

Watakaosoma waeleze nthoni, heshima iliyopo kati ya mama na mume wa binti yake. Hawapishani mlangoni, hawali pamoja, hawaombani kitu uso kwa uso. Mama yangu hakulala kwangu hata usiku mmoja. Alikufa hajaiona meza yangu. Mimi nililegeza kamba kwa ajili ya mtoto. Baba yako alitoka alfajiri na kurudi nikiwa nimekwisha kufunga mlango wa chumba changu, na hivyo tukaishi kwa staha.

Kisha akaleta mashine mbili za kazini, seva, yaani kompyuta kubwa, azipime ajue ipi iwafae, kwa kuwa ofisini kwao umeme ulikuwa ukikatika. Alizipanga sebuleni, na sebule ndiyo iliyokuwa njia yangu ya pekee ya kwenda chooni, jikoni na duniani. Zilivuma kama kinu cha posho. Naye akaketi mbele ya mashine hizo tangu asubuhi.

Mama yako aliniambia, "Vumilia, mwaitu, mama yangu. Akishachagua moja atachukua likizo, atakaa na mtoto, nawe utakwenda."

Basi safari yangu ikawa imefungwa kwenye uchaguzi wake. Niliacha kunywa chai ya asubuhi, nawe ni mkubwa wa kutosha kuelewa sababu. Nilimbeba mtoto dirishani nikatazama mawingu yakijikusanya upande wa kwetu.

Kupitia mlangoni nilimsikia akizungumza na wenzake kwa simu. Prosesa ya mashine ya kwanza, ule ubongo wake, ilikuwa na viini vingi vya kufanyia hesabu, lakini kila kimoja kilikwenda polepole. Ya pili ilikuwa na vichache vyenye kasi. Kumbukumbu zao za wagonjwa zilitafutwa na watu wengi kwa wakati mmoja, jambo lililoipendelea ya kwanza. Lakini hesabu kubwa ya mwisho wa mwezi iliipendelea ya pili. Tena madabodi ya pili, ule ubao unaobeba vyote, ilikuwa na nafasi nyingi za memori. Alipima, akabadilisha kitu kimoja, akapima upya. Kila jioni mama yako alimuuliza, na kila jioni alijibu, "Bado kidogo."

Siku moja radi ilinguruma mbali. Nilimkalisha mtoto mapajani, nikainua sauti.

"Wewe mdogo, muulize baba yako kwa nini asiichukue prosesa ya huku akaiweka kwenye ubao wa kule, apate vyote viwili."

Baba yako akajibu kutoka sebuleni, naye akizungumza na mtoto. "Mwambie susu, nyanya yako, haiingii. Kila ubao una tundu la prosesa yake."

"Mwambie nimesikia. Hata mimi nimewekwa kwenye tundu lisilo langu."

Alicheka, akajizuia. "Muulize susu kama anahitaji kitu."

"Mwambie susu anahitaji choo. Baada ya hapo anahitaji shamba. Muulize tofauti ya mashine zake ni kubwa kiasi gani."

"Mwambie ni ndogo. Yoyote ingetufaa."

"Basi mwambie mvua haipimi mara mbili."

Nilisikia mvumo wa mashine moja ukishuka, kisha wa nyingine. Mlango wa nje ukafunguliwa. Nilipochungulia, alikuwa amesimama kwenye ngazi, amenipa mgongo, mikono nyuma kama mtu aliye kanisani. Nilipita.

Alichagua ile yenye nafasi nyingi za memori. Kesho yake nilifika hapa. Kipande cha chini cha shamba nilikipanda kwenye vumbi. Cha juu mvua ilinitangulia, na mahindi yake umeyaona yalivyo.

Sasa andika ya kutunza. Mbegu za kipande cha chini ziko kwenye kibuyu juu ya meko. Zisichanganywe na za juu. Nthoni itunze, maana ni ya mke na baba mkwe pia: ukiolewa, nisikuone ukicheka na mkweo mlangoni. Lakini mzee akifunga mlango katika nyumba yako, usidhani amelala. Mtume mtoto akamuulize. Na baba yako mpelekee debe moja la mahindi ya kipande cha chini. Usimwambie ni la nini.