Chai, shaah, cai: posa yangu ilivyopoa mezani Shauri Moyo

Wakuu, salaam kwenu wote.

Nimewasoma tangu asubuhi mkigombania asili ya neno "chai". Mmoja asema ni la Waarabu, mwingine la Wahindi, yule wa tatu katukana tu akaenda zake. Nimecheka hadi mjukuu wangu akaja kuuliza kuna nini.

Ugomvi huo mimi naujua. Nusura unikoseshe mume. Nitawaeleza ulivyokuwa, na chumvi siongezi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Shauri Moyo, nyumba za council ya jiji, vyumba viwili na pazia katikati. Baba ni mtu wa Mombasa, alifuata kazi Nairobi akanogewa, akafungua duka dogo la rejareja.

Sukari ya duka ililetwa na Yusuf, kijana wa Kisomali mzaliwa wa Eastleigh. Ami yake, Mzee Farah, ndiye aliyekuwa muuzaji wa jumla.

Basi sukari ikawa inaisha haraka sana dukani kwetu. Nadhani mmenielewa.

Siku ya posa Yusuf alibaki kwao, kama ilivyo ada. Akaja Mzee Farah na wazee wawili. Upande wetu alikuwa Baba na jirani yetu Mzee Otieno, seremala, maana Baba alisema siku ya heri jirani haachwi nje.

Nyuma ya pazia tulikuwa mimi na Bibi, mama yake Baba, aliyepanda treni kutoka Mombasa kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Bibi alikuwa mtu mtamu, lakini ukimgusa heshima yake, utahama.

Chai nilipika mwenyewe: maziwa, iliki, tangawizi. Kwa haraka zangu nikamwaga nyingine kwenye jiko.

Ikapelekwa mezani. Baba akanywa. Mzee Otieno akanywa, akaongeza. Wageni hawakugusa vikombe!

Bibi akachungulia. "Mbona hawanywi hawa?"

Nikamwambia labda ni ya moto.

"Ya moto gani? Ishafanya utando." Uso ukambadilika. "Watuona wachafu, au wadhani tumewatilia kitu? Mwambie babako, hapa hawapati mke."

Jamani, nilitamani kulia. Kwetu anayekuja kuposa akakataa chai yako, ni kama amekuja kukutusi mlangoni.

Huko mezani wageni waliendelea kuvitazama vikombe tu. Mzee Otieno, ambaye kimya kilimtesa kuliko njaa, akasema, "Wazee, hii chai ni tamu. Kwenu mnaitaje?"

"Sisi tunasema shaah," Mzee Farah akajibu. "Kutoka kwa Waarabu. Wao husema shai."

"Ah, Mzee, hilo neno la Wahindi," Baba akadakia. "Mpaka leo Mgujarati akija dukani ataomba cha."

"Na sisi Wajaluo tunasema chai," Mzee Otieno akasema. "Mkikuyu anasema cai. Sasa nani alipewa na nani?"

Wakaanza! Mzee mmoja akaleta habari za Wahabeshi, kwamba nao husema shai. Mwingine akauliza mbona Mzungu peke yake aling'ang'ania "ti". Sauti zikapanda, vicheko vikaanza, vikombe vya wageni bado vimejaa.

Bibi akashindwa kuvumilia. Akalisukuma pazia akatoka.

"Mwaiita majina yote ya duniani, kuinywa hamuinywi! Ina kasoro gani chai ya mjukuu wangu?"

Mzee Farah akasimama kwa heshima. "Mama, samahani. Katika ukoo wetu, anayeomba mke hanywi mpaka ajibiwe. Nikinywa kabla, nimesema sina haja tena."

Bibi akashika kiuno. "Lo! Na sisi kwetu posa haijibiwi siku ile ile. Huchukua wiki."

"Wiki?" Mzee Otieno akaangalia vikombe kwa huruma. "Na hii chai je?"

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wote.

Bibi akarudi nyuma ya pazia, akanishika kidevu. "Mwanangu, huyu Yusuf wamtaka?"

Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza.

Akatoka tena. "Nimemuuliza. Hakusema kitu."

Mzee Otieno akaweka kikombe chini polepole. "Poleni sana, wazee. Wasichana wa siku hizi..."

"We Otieno!" Bibi akasema. "Kwetu mwari akikataa ndipo husema. Akikubali hunyamaza."

Mzee Farah hakungoja kutafsiriwa. Alishika kile kikombe baridi, akakinywa chote kwa mkupuo mmoja, utando na kila kitu. Mimi huku nyuma machozi yakanitoka kwa furaha.

Akajifuta ndevu. "Chai nzuri," akasema. "Sukari tu imepungua."

Kesho yake gunia zima likaletwa, na aliyelibeba ni Yusuf.

Sasa turudi kwenye hoja yenu. Mjukuu amenisomea kwamba neno lenyewe ni la Wachina. Waliolipata kwa njia ya nchi kavu walibaki na "cha" na "chai". Waliolipata kwa meli kutoka pwani ya kusini ya huko wakabeba "te". Kwa hiyo mezani siku ile hakuna aliyekosea, na hakuna aliyekuwa na haki ya kujigamba.

Nililojifunza mimi ni dogo. Mgeni asipogusa ulichomwandalia, muulize kabla hujakasirika. Bibi alibakisha kidogo tu anifukuzie bahati yangu.

Yusuf bado anaiita shaah, mimi chai. Na tangu tuoane, nikimwekea kikombe hakigusi mpaka nimwambie "haya". Siku nikiwa nimemnunia, anakaa nacho mezani hadi kinapoa, ananitazama tu.

Haya, tuambieni: kwenu mnaiitaje, na mgeni huinywa lini?