Unga Mweusi na Lengalenga za Mama

Mhandisi alitamka neno "nano" kama mtu anayemtaja shemeji yake aliye waziri. Alilitamka polepole, kisha akangoja tuonyeshe kwamba tumeelewa uzito wa jambo, na majirani zetu wa mtaa wa Hewa Bora, ambao hawakuwa wameelewa chochote, wakaonyesha. Mimi nilikuwa nyuma yao na buti za mpira zilizojaa tope. Nilimdharau tangu siku ile. Nasema hivyo mapema, msomaji asije akanichukua kuwa shahidi asiye na upande.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja cha kuoshea madini. Mawe ya shaba huletwa kwa lori, huoshwa, na maji yake, yenye rangi ya chai ya maziwa, yalikuwa yakiteremka kwenye mfereji unaopita kando ya bustani ya mama. Mama hupanda lengalenga na kuziuza sokoni; mboga hizo ndizo zilizonilea. Majirani walipoanza kulalamika, mwenye kiwanja akamleta mhandisi, na mhandisi akaleta dawa: birika kubwa la saruji lililojaa mchanga wa kuchujia, na mchanga huo uchanganywe na unga mweusi wa chuma, wenye chembe ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona chembe moja peke yake; hiyo ndiyo "nano" yake. Mchanga mtupu huzuia tope tu. Chembe zile ndizo zinazokamata shaba na sumu nyingine zilizoyeyuka, zile zinazopita kwenye mchanga bila kubisha hodi.

Wazo lenyewe ni zuri. Linaniuma kulisifu, maana nilikuwa nimelipenda kabla yake. Sikufika chuo kikuu. Nilijifundisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikirudia ukurasa mmoja hadi nione aibu ya kuurudia tena. Niliposikia juu ya birika, nilikwenda kuomba kazi. Mhandisi aliniuliza mbele ya wafanyakazi ninajua nini. Nilimjibu kwa kirefu, na nilipomaliza akapiga makofi matatu.

"Docteur!" akasema. "Basi, Docteur, kaoshe muchanga."

Niliuosha. Niliuosha hadi maji yake yakawa meupe, kisha nikaanza upya kwa sababu sikuyaamini.

"Muangalie huyu," mfanyakazi mmoja akasema. "Anaosha muchanga sawa vile muchele ya ndoa."

Unga ulikuja katika mifuko iliyofungwa isipitishe hewa. Ni lazima ubaki hivyo hadi saa ya kuuchanganya, kwa sababu chuma kilichosagwa namna ile kikikutana na hewa na maji hushika kutu upesi sana. Mhandisi aliifungua yote. Aliipanga juu ya meza yenye kitambaa cheupe, karibu na maua ya plastiki, ili wakubwa waliokuwa wanakuja kwenye sherehe ya kuzindua birika wauone unga kwa macho yao. Wakubwa hawakuja siku ile. Kesho yake pia hawakuja. Upepo wa kiangazi ukaanza kupeperusha unga, naye akaamuru unyunyiziwe maji ili utulie. Ukatulia. Wakubwa walipofika hatimaye, na miwani yao ya jua, unga ulikuwa na rangi ya kahawia, kama barabara zetu za vumbi.

Nilimfuata pembeni. "Papa ingénieur, nazania ile unga imekufa."

"Imekufa? Ilikuwa mugonjwa?"

Waliokuwa karibu wakacheka. "Imeshika kutu," nikasema.

"Docteur, kutu nayo njo chuma. Gari ikishika kutu, haiko tena gari?"

Kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuwa amekosea kabisa. Hata kutu hukamata shaba kiasi fulani. Kiasi gani, sikujua, na kwa kuwa sikujua nilinyamaza. Hivyo ndivyo nilivyo: mtu mwenye robo ya ukweli husema kwa sauti kubwa, nami nikiwa na robo tatu hukaa kimya nikitafuta ile iliyobaki. Wakamwaga ule unga wa kahawia mchangani. Maji yakapita, yakatoka meupe, mhandisi akainua glasi juani, watu wakapiga makofi. Mchanga wowote niliouosha mimi ungetoa maji meupe. Walikuwa wanaupigia makofi mchanga wangu bila kujua, na mimi niliwaona wapumbavu wote, mmoja mmoja, hata wale walioniletea uji nilipokuwa mdogo na mgonjwa.

Siku hiyo hiyo mhandisi alitangaza kwamba mpira wa maji kutoka birikani utaelekezwa bustanini kwa mama, bure, iwe mfano kwa mtaa. Bomba letu lilikuwa kavu tangu kiangazi kianze. Mama alikubali kabla sijafungua kinywa. Jioni, akiwa anachagua mbegu, aliniuliza.

"Weye unasomaka hii bintu. Ile mayi iko muzuri ao haiko muzuri?"

"Inaonekana safi, mama. Lakini bado niangalie."

"Uangalie nini?"

"Iko bintu haionekane na macho. Lakini pengine imebakia kwa muchanga. Lakini sijue."

"Lengalenga haingojeake lakini zako," akasema, akaenda kumwagilia.

Basi nikaanza na misumari. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na maji ya migodi amewahi kuuona mchezo huo: unasugua msumari hadi ung'ae, unautia kwenye maji yenye shaba, na shaba inauvika ngozi nyekundu. Niliutia mmoja kwenye maji ya mfereji, ukavaa nyekundu waziwazi. Mwingine niliutia kwenye maji yaliyotoka birikani. Nao ukabadilika, lakini ulikuwa na doa tu, na sikuweza kuapa kama ni shaba au kutu ya kawaida. Nikasugua mwingine. Nikasugua mwingine tena, nikabadilisha chupa, nikabadilisha mahali pa kuiweka, huku lengalenga zikipanda na majani yake yakipanuka, na mama akisema hajawahi kuona kiangazi chenye mboga kama hizo.

Nilipochoshwa na misumari nilibuni mtego, na najua mtego ni njia ya mwoga. Nilimshauri mama amwalike mhandisi kula. Tungempa bukari, ugali wetu, na lengalenga za tuta la kwanza, zilizonyweshwa maji yake. Mgeni anayekataa chakula huku kwetu hukumbukwa mwaka mzima. Niliwaza: atasema ameshiba, atasema tumbo linamsumbua, na mama atajua bila mimi kulazimika kusema kitu nisichoweza kukithibitisha.

Alikuja na viatu vyake vinavyong'aa. Nilimnawisha mikono. Nilikuwa nimeipika mboga kwa karanga, na nilipokuwa nikiipika niliosha majani mara nyingi kuliko yanavyohitaji, kana kwamba kilichokuwa ndani yake kingeweza kuoshwa.

Mhandisi alikula. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Alimega bukari, akachota mboga, akafumba macho. "Mama, kwangu habanipikieke hivi," akasema, akaongeza. Alisafisha sahani kwa tonge la mwisho, kisha akaniangalia kwa furaha ya kweli. "Unaona, Docteur? Nano."

Hakuwa mwongo. Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwa majuma yote yale nilimdharau kama tapeli anayejua anachouza, kumbe aliamini meza yake yenye kitambaa cheupe, na angewalisha watoto wake mboga zile bila wasiwasi. Nilimdharau mara mbili, na sikuwa na mahali pa kuiweka dharau hiyo, maana mtego wangu ulikuwa umempa ushahidi yeye.

Mama hakuwa akimtazama. Alikuwa akinitazama mimi. Nilikuwa na tonge mkononi tangu mwanzo wa chakula, nikiliviringa, nikilibonyeza, na lilikuwa limepoa bila kugusa mboga.

Mgeni alipoondoka, mama alikaa pale pale.

"Haukukula."

"Sikukuwa na njaa."

"Weye unalambaka mpaka chungu. Leo haukugusa."

"Mama, sina hakika. Misumari inaonyesha kitu, lakini pengine ni kutu, lakini..."

"Mutoto, ile lengalenga nilikuwa nauzisha bantu kesho," akasema taratibu. "Bana batoto."

Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nje. Niliposikia mizizi ikikatika nilimfuata. Alikuwa ameanza na tuta lililostawi kuliko yote. Jirani mmoja alisimama ukutani akamwuliza kama amepatwa na wazimu, kung'oa mboga nzuri hivyo.

"Mutoto wangu hakuikula," mama akajibu, bila kuinua kichwa.

Nilitaka kumwambia asiweke kiangazi chake chote juu ya tonge langu. Nilitaka kumwomba siku chache zaidi, misumari zaidi. Akaniambia nishike upande wa pili wa mpira, tukaurudisha juu ya ukuta, maji yakamwagikia kiwanjani yalikotoka.

Siku zilizofuata tulichota maji kisimani mtaa wa tatu na kumwagilia tuta moja tu, lile tuliloweza. Mama aliuza kidogo, akala kidogo, na hakunilaumu. Hadi leo sijui kwa hakika kilichokuwa kwenye majani yale. Misumari bado ninayo, kwenye kopo, na kila mara nikiiangalia naiona tofauti.

Mhandisi alipita ukutani juma lile, akaona udongo mtupu.

"Docteur, vipi? Mama amechoka na mayi ya bure?"

Nikavuta pumzi nianze: hewa, unyevu, kutu, kiasi ambacho kutu inaweza kukamata na kiasi ambacho haiwezi, yote niliyoyajua na yote niliyokuwa sijayajua bado. Kutoka jikoni mama akasema, "Umuambie tu hapana."

"Hapana," nikamwambia.

Akangoja niendelee. Sikuendelea.