Nimeitwa ndani ya handaki

Wasee wa Auburn, Wakenya wenzangu, leo sina picha za kuwaonyesha.

Tuko siku ya pili ya hii tour ya baiskeli, kwenye njia ya zamani ya reli. Waafrika ni mimi na Mama Neema tu, Mkongomani wa kazini kwetu.

Ndani ya handaki, giza totoro, sauti nyuma yangu: "Mama Baraka!"

Hapa wazungu wote wananiita Joy; anayeniita Mama Baraka ni Mama Neema tu.

Nikazidi kukanyaga pedali bila kuitika. Shosho, nyanya yangu, alitufunza, ukiitwa gizani na humuoni mtu, usiitike.

Nilipotoka nje, nikamkuta Mama Neema mbele yangu, alishafika zamani, anakunywa maji.

"Mbona uliniita?" nikamuuliza.

"Mimi? Si ni wewe uliniita?"

"Ukaitika?"

"Eeh. Mara mbili."

Kesho tunarudi kwa handaki hilo hilo. Anasema atatangulia.

Jamani, nimwambie maneno ya Shosho ama ninyamaze?