Akiambiwa Kaa, Anasimama

Kabla sijawa mtu wa nasari nilikuwa muuza nyanya. Meza yangu ilikuwa Garsen, hapo mabasi ya Lamu yaliposimama kupumua, na abiria aliyetaka fungu alilazimika kwanza kunisikiliza. Kisha ikaja ile mvua ya Elinino. Mto ukaingia shambani kwetu, ukalala humo, na ulipoondoka ukaniachia matope yanayonuka samaki. Bila shamba hakuna nyanya, na bila nyanya meza ni mbao tu. Tulizichemshia chai. Nikaenda nasari kupika uji na kumsaidia mwalimu kushika watoto. Mshahara ulikuwa uji wenyewe, pamoja na ahadi ya kamati kwamba mambo yakitengemaa tutaongea.

Watoto niliwahesabu mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza ilikuwa ya vikombe. Mara ya pili ilikuwa ya maji, maana nyuma ya banda letu la makuti kulibaki dimbwi lililokataa kukauka, na mtoto wa nasari hapigi kelele anapozama.

Mwalimu alikuwa mwanamke mzuri, nasema hivyo bila mzaha. Alifunga vidonda vya watoto kwa leso yake mwenyewe. Lakini alikuwa na fimbo ya mwarobaini, nyembamba, na fimbo hiyo aliiita msaidizi wake. Mimi pia aliniita msaidizi wake. Wakati mwingine akiita, sikujua anamtaka nani kati yetu.

Fimbo ilikuwa ya kiganjani tu. Mtoto alinyoosha mkono, akafumba macho, akapigwa, akarudi mkekani. Hakuna mzazi aliyelalamika. Walalamike nini, na wao nyumbani walitumia ndara.

Baada ya maji kupungua, bibi mmoja wa Kiorma alimleta mjukuu wake. Ng'ombe wao walikuwa wamekufa kwato zikiwaozea ndani ya tope, waliobaki walikuwa wa kuhesabika hata na mtu asiyejua hesabu, na familia ilikuwa imejenga vibanda vya mikeka nje kidogo ya mji. Msichana mwenyewe alikuwa mrefu kuliko umri wake na magoti yake yalikuwa makubwa kuliko mapaja.

"Mimi nataka yeye kunywa uji," bibi akaniambia. "Kusoma, kama iko nafasi."

Nilimwelewa. Kile kikombe ndicho chakula chake mpaka jioni, na jioni ilitegemea kama ng'ombe amekubali kukamuliwa.

Tatizo lilianza wiki ileile. Mwalimu akisema "Kaeni!" kwa wote, msichana alikaa na wenzake kama mtu mwenye adabu. Lakini alikuwa na tabia ya kuinuka kwa magoti achungulie mlangoni, nadhani akimtafuta bibi yake. Hapo mwalimu alimwelekezea kidole: "Wewe, kaa!" Na msichana akasimama wima.

"Kaa!"

Akanyoosha mgongo zaidi.

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Mtoto anayekaa akiambiwa pamoja na wenzake, halafu akiambiwa peke yake anasimama na kukutazama usoni, ungemwita nani? Mwalimu alimwita sugu.

"Nne," akasema, akinyoosha mkono kuchukua fimbo.

"Mwalimu, mbili," nikasema kutoka kwenye sufuria.

"Hapa si sokoni, mama."

"Najua. Sokoni ningeanza na moja. Tazama hicho kiganja, mbili zinajaa."

"Tatu, na usinizoee."

Tukawa hivyo kila siku. Alitaja, nikapunguza, tukakutana katikati. Wengine niliwaokoa kabisa, lakini huyu hakunipa nafasi, maana akishapigwa na kuambiwa tena "Sasa kaa," alisimama tena, machozi yakimshuka, miguu imebana, kama askari. Nilizoea kumjua mtu mkaidi. Mkaidi huangalia kama umemwona. Huyu alinitazama kama mteja aliyetoa pesa sawasawa na bado hapewi mzigo.

Wale Waorma wengine tuliokuwa nao walizaliwa mjini, Kiswahili walikuwa nacho tangu mgongoni. Huyu alitoka kwenye mbuga moja kwa moja, hakuongea hata neno. Mimi nilijisifu kwamba najua Kiorma. Nilijua hesabu zao, maziwa, na "umezidisha bei." Zaidi ya hapo sikuwa nimehitaji.

Alhamisi moja mwalimu alikaa karibu na jiko langu. Alikuwa amechoka.

"Kesho kamati inakuja," akasema. "Unga wa msaada umepungua. Wanataka kuona watoto wanaofundishika, wengine watolewe. Kuna kina mama pale ugani wanangoja nafasi."

"Na huyu?"

"Akisimama tena mbele ya mwenyekiti, mimi nitamtetea kwa lipi?"

Nilikoroga uji uliokwisha iva.

Jioni nilikwenda kwenye vibanda vya mikeka. Nia yangu, niseme kweli, ilikuwa kumwomba bibi ampe mjukuu wake somo nyumbani, kwa usiku huo tu, ili kesho asifukuzwe. Nilikuwa nimeishiwa na maarifa mengine. Nilipofika sikupata hata nafasi ya salamu. Ng'ombe wao mmoja alikuwa ameanguka. Amelala ubavu, mbavu zinahesabika, na watu wamemzunguka, mmoja ameshika pembe, wawili wamepitisha kamba tumboni. Msichana wangu alikuwepo, amesukuma mabega yake madogo kwenye paja la ng'ombe.

"Mama, wewe shika mkia," bibi akaniambia. "Huyu akilala leo, kesho ni nyama. Nyama mbaya."

Nikashika mkia. Nani angekataa.

Wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja, na sauti ya msichana ndiyo niliyoisikia karibu zaidi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuisikia.

"Ka'a! Ka'a!"

Kaa yetu ileile, ila imekatika katikati kama mtu mwenye kwikwi. Ng'ombe akatikisa kichwa. Wakamwinua kwa kamba, mimi nikavuta mkia, "Ka'a!" na yule mnyama akasukuma miguu ya nyuma, akapepesuka, akasimama.

Mimi ndiye niliyekaa. Chini, kwenye samadi, mkia umenitoka mkononi.

"Bibi," nikauliza, "mnamwambia nini ng'ombe?"

"Tunasema inuka. Wewe hujui? Zamani sokoni kila siku unabishana maziwa yangu."

"Na kukaa chini mnasemaje?"

"Taa'i." Akaniangalia pale chini. "Wewe umekaa tayari, mama."

Sikucheka. Msichana alikuwa anapangusa mikono yake kwenye nguo, polepole, ule wa kulia kwa uangalifu zaidi. Nilitaka kuvihesabu vile viboko vyote nikashindwa. Miye, niliyehesabu kila kitu. Nilikuwa nimebishania idadi tu, kila siku, na idadi ilishuka vizuri, lakini mzigo wenyewe hakuna aliyeufungua kuona ndani kuna nini. Ndani kulikuwa na mtoto mtiifu kuliko wote tuliokuwa nao. Kila alipoambiwa, alitii.

Asubuhi nilimwahi mwalimu hata kabla ya kuwasha moto. Nikamweleza. Aliitazama fimbo, akatazama mikono yake.

"Wewe mama," akasema kwa sauti ndogo, "usiniambie hivyo leo."

"Nikuambie lini? Wako njiani."

"Basi ukae karibu naye. Umwambie kwa kwao."

Kamati ilikuja watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye duka, mpole, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Watoto wakaimba, wakahesabu vidole. Yote yakaenda vizuri mpaka msichana alipoinuka kwa magoti kuchungulia mlangoni.

"Wewe mwali, kaa," mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa.

Sasa hakusimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alibaki vilevile kwa magoti, akanyoosha mkono wake wa kulia, kiganja juu, akafumba macho. Neno lilikuwa limeshapoteza maana yake katika lugha zote mbili. Lilibaki na maana moja tu.

Nilisogea nikakaa mkekani mbele yake, na kanga yangu ya matope. "Taa'i," nikamwambia. "Taa'i, mwanangu."

Alikaa. Mkono hakuushusha.

"Haya," mwenyekiti akasema akimgeukia mwalimu, "huyu ndiye sugu mliyemsema? Mbona amekaa? Naona fimbo imemwingia."

Mwalimu alitazama chini. Nikasema mimi.

"Mzee, si fimbo. Ni neno. Kaa yetu kwao ni inuka. Tumempiga kwa kutii."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Hakucheka kwa ubaya. Aliwageukia wenzake akawarudia maneno yangu, nao wakacheka.

"Basi vizuri," akasema. "Mama, wewe mfundishe neno, mwalimu aendelee na fimbo. Kila mtu na kazi yake. Mtoto abaki."

Mtoto abaki. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu jana, na nilikipata kwa bei ambayo ningeikataa kama ningepewa nafasi ya kubisha.

Walipoondoka, mwalimu aliichomeka fimbo kwenye makuti, juu, mahali ambapo yeye mwenyewe alilazimika kupanda kiti kuifikia. Jumatatu ilikuwa imeshuka. Lakini tangu hapo, kabla ya kuishika, aliniita mimi kwanza: "Hebu muulize amesikia nini." Mara nyingine tuligundua mtoto amesikia sawasawa na ni mtundu tu. Hata huyo, tukishaongea naye, mkono ulikuwa umepoa, wa mwalimu. Sijaona njia nyingine ya kumrudi mtoto wa umri ule ambayo ningethubutu kuiuza.

Ijumaa ile niligawa uji. Nilipofika kwake mkono ulikuwa bado umenyooka, kiganja juu, macho yamefumba. Nikamwekea kikombe pale. Vidole havikukifunga. Kilisimama juu ya kiganja kama juu ya meza, kikitetemeka, naye akaendelea kungoja. Niliweka mkono wangu chini ya wake ili kisimwagike, tukakaa hivyo, na uji ukapoa.