Kijiti Nilichokihamisha Alfajiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayeyaleta maji na kuyaondoa kwa kipimo anachokijua Yeye peke yake, aliyenifikisha umri huu nikiwa na akili zangu na meno manane. Namshukuru kwa yale niliyoyaelewa, na kwa yale ambayo bado yananikosesha utulivu. Hili ninaloliandika ni katika hayo ya pili.

Kijiji chetu kiko kando ya mto, chini ya Garsen, juu ya mwinuko wa udongo mweusi katikati ya mashamba ya mpunga. Kiangazi mgeni hupita asijue kwamba amepanda mahali. Mto ukifura, mashamba huwa ziwa, nasi hubaki juu na mbuzi wetu na kuku wetu. Hapo watu husema, "Tumeshakuwa kisiwa," kwa sauti ile ile ya kusema chai imechemka.

Kisiwa kina adabu zake. Nyoka hapigwi siku za maji, kwa sababu naye amekimbia kwake. Mwenye mtumbwi hapiti mlango wa mtu bila kuuliza kama kuna kinachohitajika ng'ambo. Na kila siku, baada ya sala ya magharibi, mkubwa wa nyumba huchomeka kijiti pale maji yalipokomea. Alfajiri hukitazama. Maji yakiwa yamekipita kwa hatua nzima, wenye mimba, wagonjwa na wazee hutangulia kuvuka siku hiyo hiyo. Hakuna mjadala.

Nyumbani kwetu kijiti ni cha mume wangu. Macho yake yameingia ukungu, hivyo hupima kwa mkono. Huchuchumaa, akakitafuta kijiti, akakishika, kisha akapapasa chini aone kama vidole vinagusa tope au maji.

Mafuriko ya juzi yalitukuta na binti yetu wa mwisho, aliyekuja kwangu kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mumewe alikuwa Malindi kwenye kazi ya ujenzi, akipiga simu asubuhi na jioni. Kijijini zilibaki nyumba nne. Wengine walikuwa wamehamia upande wa Minjila, kwenye ardhi ya juu, na sisi tulikuwa na kiwanja huko ambacho sikutaka hata kukifyeka.

Nieleze kwa nini. Kwetu kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka huzikwa uani, na hapo panakuwa kwao hata akienda kuishi wapi. Cha mama yangu kiko pale kilimani. Changu kiko pale. Vya wanangu sita viko nyuma ya jiko langu. Lakini kwa misimu mitatu ya mvua hakuna mtoto aliyezaliwa kijijini. Nilimtazama binti yangu na tumbo lake, nikajiambia: huyu akizaliwa hapa, kilima hakitakufa. Nilimwomba Mungu hilo kila sala. Kisha nikaanza kumsaidia Mungu, jambo ambalo hakuniomba.

Alfajiri ya kwanza niliteka maji ya kutawadhia, nikakiona kijiti. Maji yalikuwa yamekipita kwa hatua nzima na zaidi. Mume wangu alikuwa ndani, akikohoa, akitafuta viatu vyake. Niliking'oa, nikaja nacho hadi ukingo mpya, nikakichomeka. Alipotoka alichuchumaa, akakishika, akapapasa, akakishika tena.

"Yamesimama," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kusali.

Nilifanya hivyo alfajiri ya pili, na ya tatu. Mchana sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Niliwafundisha watoto watatu waliobaki wa chuo changu cha Kurani, kibarazani kwangu, nikapoteza mstari mara mbili, na mmoja akanirekebisha. Somo la siku hiyo lilikuwa subira. Niliinuka katikati ya maneno yangu mwenyewe kwenda kutazama maji, nikarudi, nikaketi, nikainuka tena.

Jirani yetu mwenye mtumbwi, mtani wetu wa miaka mingi, alipita akisukuma kwa pondo.

"Mzee, hicho kijiti chako kimeota mizizi? Siku tatu maji hayakipiti, na kwangu kuku wamehamia darini!"

"Kikitoa majani nitakuchumia mboga," mume wangu akamjibu. "Wewe usiupeleke mtumbwi wako mbali, basi."

Walicheka wote wawili. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda tena kutazama maji.

Binti yangu hakuwa mjinga. Jioni ya siku ya tatu alikuja na nguo mkononi.

"Mama, jana nilianika nikiwa pakavu. Leo chini ya kamba ile ile nimelowa hadi kifundo cha mguu."

"Ni umande."

"Umande wenye samaki?"

Nilimwambia aende akapumzike, mwenye mimba hasimami sana. Alinitazama, akashika kiuno, akaingia ndani. Usingizi sikuupata. Nilisikia maji yakinong'ona kwenye ua wa makuti, nami nikamnong'oneza Mungu, na sikuwa na hakika nani kati yetu anasikilizwa.

Alfajiri ya nne nilikuta figa moja la jiko langu limesimama ndani ya maji. Nilikwenda kukitafuta kijiti. Kabla sijakigusa, binti yangu aliita kutoka mlangoni.

"Mama. Mgongo."

Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nilimwona uso wake, na kitovu, kilima, mama yangu, vyote vikanitoka kichwani. Nilikimbia kwa mume wangu. Alikuwa amemaliza sala, bado amekaa juu ya mkeka.

"Baba watoto, nimekukosea," nikasema. "Kijiti nimekuwa nikikihamisha. Maji yako jikoni, na mtoto ameanza uchungu."

Hakushtuka. Alikunja mkeka.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kijiti nilichokichomeka mimi hukishindilia kwa kisigino. Hiki tangu siku ya kwanza kinacheza kama jino la mtoto. Macho yangu ni mabovu, mama watoto. Mikono ni mizima."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikungoja useme mwenyewe. Lakini leo ilikuwa mwisho. Ungenyamaza, ningesema mimi." Kisha akaenda ukingoni, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Yule mtani wetu aliitikia kabla ya mwito wa pili. Mtumbwi ulikuwa ukifungwa nyuma ya nyumba yetu kila usiku, tangu siku mbili zilizopita, kwa agizo la mume wangu. Mimi niliyetazama maji mchana kutwa sikuuona.

Tulimlaza binti yetu juu ya mkeka, kichwa mapajani mwangu. Mume wangu aliketi mbele akiwa na kijiti, amekifanya mkongojo. Tulipita juu ya mashamba yetu, masuke yakikwangua ubavu wa mtumbwi. Mtani alisukuma bila utani. Mara moja tu, tulipokwama kwenye kichaka, binti yangu akalia kwa nguvu, alisema, "Vumilia mwanangu, hata mamba leo wanatupisha." Nilisoma kila dua niliyowahi kuwafundisha watoto wa watu. Zilitoka zimevurugika, za safari zimechanganyika na za mvua.

Tulifika hospitali ya Ngao jua limeshapanda. Nesi alimpima, akaniangalia juu ya barakoa.

"Bibi, mtoto ametanguliza matako. Kule nyumbani nani angemgeuza?"

Nilisimama, nikaketi, nikasimama, hadi mtu akanipa kikombe cha maji, nikakishika bila kunywa. Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa bado nimekishika. Kisha nikasikia kilio chembamba, chenye hasira, na sauti ya binti yangu ikiuliza, "Ni nini?" Alikuwa msichana.

Tulipotoka hospitali hatukurudi kilimani. Nyumba ilikuwa imelowa hadi dirishani. Tulikwenda Minjila, kwenye kiwanja kile nilichokidharau, tukakaa chini ya turubai. Siku ya sita kitovu kikaanguka. Nilikifunga kwenye pindo la leso yangu, na nikaanza tena kutotulia. Nililishika lile fundo nikipika, nikifua, nikibeba mtoto. Sikusema neno. Safari hii nilijizuia kwa kweli.

Binti yangu aliniona.

"Mama, maji yakipungua unataka ukipeleke kule?"

"Mtoto ni wako."

"Nakuuliza unataka nini."

"Nataka," nikasema. "Lakini nimeshataka vya kutosha mwaka huu."

Alicheka, akamtazama mwanawe aliyelala. "Basi kizikwe hapa. Hapa ndipo atakapojifunza kutembea. Kule tutampeleka kulima, ajue bibi yake alitoka wapi."

Nilifungua fundo. Moyo uliuma, sitasema uongo. Tulichimba pamoja, mimi na yeye, nyuma ya mahali ambapo jiko lingekuja kujengwa. Mume wangu alikuja akipapasa, akakichomeka kile kijiti juu ya udongo mbichi, akakishindilia kwa kisigino mara tatu.

"Maji yakifika hapa," akasema, "watu wa Garsen watakuwa juu ya mnara wa simu."

Sasa maji yamekwenda zake. Kilimani narudi msimu wa mpunga, nalala kwenye nyumba iliyoinama, nafukuza ndege, navuna. Huku Minjila tuna kuta na bati. Mjukuu anakaa peke yake bila kuegemezwa. Shukrani zangu hazina mwisho. Lakini kila alfajiri bado naamka kabla ya mwadhini, natoka uwanjani, na miguu yangu inatafuta ukingo. Hakuna ukingo. Kuna mbuzi wa jirani, vumbi, na bodaboda ya kwanza ikiwahi Garsen. Nazunguka, sijui nasimama wapi. Mwishowe nakwenda nyuma ya jiko, nakishika kijiti, nakitikisa kidogo. Hakichezi. Ndipo naweza kwenda kutawadha.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe mtu wa kukungoja useme kweli, na akujaalie uiseme kabla maji hayajafika jikoni. Akuhifadhie watoto wako, walio kilimani na walio ng'ambo, na aiweke miguu yako mahali pakavu. Amin.