Nusu ya Sentensi ya Kijakazi

Mama Pasi alikuwa na siku moja tu ya kuisikia sauti yake mwenyewe, nayo ilikuwa Alhamisi. Siku nyingine zote alisimama katika chumba cha kufulia cha hospitali akinyoosha mashuka, mvuke usoni, mashine zikinguruma hata salamu haipiti. Binti yake wa pekee aliolewa mbali. Jioni alifungua mlango wa chumba chake, akapiga hodi kwa mazoea, kisha akajikaribisha mwenyewe.

Alhamisi watu wanne walikutana nyuma ya duka la fundi cherehani kusoma riwaya kwa sauti, kila mtu na mhusika wake kama mchezo wa redio. Mgawaji wa sauti alikuwa Mwalimu, mama mstaafu, ambaye ndiye aliyemwalika Mama Pasi.

"Bibi yake alimlea mama yangu," Mwalimu alipenda kuwaambia watu. "Mimi na huyu ni ndugu."

Mama Pasi alitabasamu tu. Ni kweli bibi yake alilea watoto wa nyumba ya kina Mwalimu. Namna alivyofika pale hakuna aliyeitamka; katika mji ule, kumuuliza mtu asili yake ni kumvua nguo hadharani.

Safari hii riwaya ilihusu zama za utumwa: nyumba kubwa, mke kijana wa bwana, na kijakazi aliyemlea mke huyo tangu utotoni. Mwalimu alijipa sauti ya mke. Kijakazi akampa Mama Pasi.

"Sauti yako imetulia, dada."

"Na mimi ndiye bwana," Fundi akalalamika. "Nyumbani hata paka hanitii."

Walipoendelea kusoma, Mwalimu na Fundi walimlilia mke, maana aliozwa mzee asiyempenda. Muuguzi, msichana aliyetoka nchi nyingine kuja kufanya kazi hospitalini, alikunja uso.

"Kwetu utumwa tunafundishwa tangu darasa la nne," alisema. "Kitabu hiki watu wangekirudisha dukani."

"Kwenu ni kwenu, mwanangu," Mwalimu akamjibu kwa upole. "Hapa waliishi kama familia."

Mama Pasi hakulia wala hakukasirika. Alikuwa akitafuta, ukurasa baada ya ukurasa, kijakazi analala wapi. Mwandishi hakusema.

Wakafika pale mke anapompa kijakazi hati ya uhuru, naye anaikataa. Mwalimu alikuwa ameshatoa leso. Maneno ya kijakazi yalikuwa: "Niende wapi, bibie, nami nakupenda kuliko roho yangu?"

"Niende wapi, bibie?" Mama Pasi akasoma, akanyamaza.

"Endelea," Mwalimu akanong'ona.

"Nimemaliza."

"Umeruka, dada. Kuna 'nami nakupenda'."

"Nimeiona. Hainitoki."

Fundi akakohoa. "Labda mwanga hautoshi."

"Mwanga unatosha, Fundi. Bibi yangu naye aliambiwa anaweza kwenda. Mwanawe akaambiwa abaki, ni wa nyumba. Basi na yeye akabaki."

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Bibi yako alitupenda," akasema. "Mama yangu alikata roho akimwita."

"Huenda aliwapenda, Mwalimu. Sikatai. Lakini hakuna aliyemuuliza hilo akiwa amempakata mwanawe na mlango uko wazi."

Hakuna aliyegusa chai tena. Walipotawanyika, Muuguzi alimkimbilia Mama Pasi barabarani.

"Mama, umesema kweli. Kwetu wangekupigia makofi."

"Asante, mwanangu. Lakini wewe mkataba ukiisha utarudi kwenu. Mimi nikiugua, hawa ndio watakaonigeuza kitandani."

Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata alirudi. Hakufukuzwa na mtu. Fundi alimvutia kiti, Mwalimu akamuuliza hali ya binti yake, akamwekea sukari kama apendavyo. Kisha akafungua kitabu ukurasa uleule.

"Tuisome tena sura hii, wiki iliyopita tuliikatisha. Dada, wewe leo pumzika, usikilize tu. Fundi, jaribu kijakazi."

Muuguzi alimtazama Mama Pasi, akafungua mdomo, Mama Pasi akamtikisia kichwa.

Fundi alianza kwa mzaha, akibana sauti kama kikongwe. Alipofika penyewe mzaha ukamtoka, akaisoma sentensi nzima polepole, vizuri kuliko ilivyowahi kusomwa: "Niende wapi, bibie, nami nakupenda kuliko roho yangu?" Mwalimu akalia. Fundi mwenyewe akajipangusa jicho kwa kiganja.

"Umeona, dada?" Mwalimu akamwambia Mama Pasi, akimshika mkono kwa mapenzi ya kweli kabisa. "Umeona ilivyo nzuri?"

Mama Pasi aliuacha mkono wake pale ulipokuwa. Walikuwa wakimsubiri aitikie. Akatazama vipande vya vitambaa sakafuni, akakaa hivyo hivyo katikati yao, mpaka Mwalimu akafungua sura nyingine.