Mpaka ni Mkonge

Mke mwenzangu, yaani mke wa mdogo wake mume wangu, alipata shamba la chini, kando ya ziwa. Sisi tulipata la juu. Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kutoka kwenye vijiji vya kupangwa barabarani na kurudi kwenye mahame yao, huku kwetu upande wa Bukima. Baba mkwe aligawa kama ilivyo desturi: kitinda mimba hubaki kwenye mji wa mama yake kule chini, mkubwa hupanda mlimani. Katikati akapanda safu ya mkonge.

"Mpaka ni mkonge," alisema, akaenda zake kuchunga.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara haukutosha hata sabuni, hiyo sabuni yenyewe ikiwepo. Kwa hiyo tuliishi kwa jembe, na jembe langu lilikuwa likigonga mwamba kila nikiinama. Muhogo wangu ulitoka mwembamba kama vidole vya mgonjwa. Wake ulijaza karai kwa shina moja.

Sababu nilikuwa naijua, na kuijua kulinizidishia uchungu. Nilifundisha jiografia. Niliwaeleza watoto kwamba mawe yetu yaliumbika chini sana ardhini, kisha mvua ikala udongo uliokuwa juu yake, miaka kwa miaka, mpaka yakatokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kwamba huko magharibi nchi iliinuka polepole, mito iliyokuwa ikielekea kule ikakosa pa kupita, maji yakatuama, likawa ziwa. Watoto waliandika. Mimi nilichungulia dirishani nikaona maji mekundu yakiteremka kutoka kwangu kwenda kwake. Sawa, ardhi inahama, Mungu ndivyo alivyoiumba. Lakini kwa nini ihamie kwa yule?

Kila mavuno aliniletea karai la muhogo. "Pokea, mke mwenzangu. Huu umeotaga kwenye udongo wako," alisema, akacheka. Ndiyo ilikuwa tabia yake, utani usio na ubaya. Nilicheka na mimi, nikaupika. Ulikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Halafu ukaja msimu wa mvua isiyokatika. Asubuhi moja tuliamka tukakuta kipande kizima cha shamba letu hakipo. Kilikuwa kimeteleza juu ya mwamba, muhogo ukiwa bado umesimama, kikaenda kulala juu ya bustani yake ya viazi. Safu ya mkonge ilikuwa imeteleza nacho, iko mbele yake, imeinama kidogo tu. Kule juu palibaki jiwe tupu linalong'aa kwa maji.

Mke mwenzangu alisimama mikono kichwani. Nilipaswa kumpa pole. Badala yake nilisikia furaha, furaha tele, na kabla mtu yeyote hajasema neno nikasema: "Mpaka ni mkonge."

Mume wangu akatazama pembeni. Baba mkwe, tuliyekuwa tumemwita aamue, akautazama mkonge, kisha mimi, kwa muda mrefu.

"Nilisema mwenyewe," akanung'unika. "Basi udongo ni wenu. Ila huyu hawezi kuondoka mikono mitupu. Achukue palipobaki wazi kule juu. Pandeni mkonge mwingine pale katikati."

Mwamba mtupu! Nilichimbua machipukizi ya mkonge siku ileile, nikayapanda mwenyewe haraka haraka, mzee asije akabadili mawazo.

Mavuno yaliyofuata, karai nililipeleka mimi. Nilichagua mihogo minene, nikaipanga juu ili aione vizuri. Akapokea na kunishukuru bila utani.

Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na mbao tupu yakajaa, bati likapatikana, watu wakaanza kujenga kama waliofunguliwa kamba. Malori ya Musoma yakawa yanazunguka kutafuta mawe ya msingi na kokoto. Mke mwenzangu na mumewe wakawasha moto juu ya mwamba mpaka ukapasuka, wakagonga, wakauza. Nyumba yao ya bati ikasimama pale mlimani, sakafu ya saruji, naiona kila nikiinua kichwa kwenye muhogo. Nyundo zao nazisikia hata nikiwa siangalii.

Nilivumilia nikashindwa. Nikapanda kwake mlimani.

"Mke mwenzangu, nimegee hata kipande cha pembeni. Si ulikuwaga wetu huu?"

Hakucheka. Alinyoosha nyundo kuelekea kwenye mikonge yangu, iliyokuwa imeshapita urefu wa mtu.

"Na ile alipandaga nani?"

Nikateremka. Manyunyu yalikuwa yameanza, na nilipofika chini, maji mekundu yalikuwa yanatoka kwenye muhogo wangu kwenda ziwani.